Ulivuka, haukuvuka: kwa nini mimi na mjomba tulitazama mechi moja tukaona mbili

Usiku wa Aprili 5, 2024 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja hapa Dar es Salaam, nimebanwa kwenye benchi kati ya mjomba wangu na jamaa mmoja mwenye genge la mboga. Yanga walikuwa Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza, kwa Mkapa, ilikuwa imeisha 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukatoka. Kibanda kizima kikalipuka. Mwamuzi hakuweka goli. Mechi ikaisha 0-0 tena, zikaja penalti, Sundowns wakapita kwa 3-2.

Mjomba ni Yanga wa damu. Mimi ni Simba, na usiku huohuo na sisi tulitolewa na Al Ahly kule Cairo, kwa hiyo sikuwa hata na kifua cha kumcheka mtu. Lakini nilipoulizwa nilijibu nilichokiona.

"Umeuona ule mpira ulivyozama ndani?"

"Mjomba, mbona ule umedundia kwenye mstari?"

"We mtoto! Yaani umesoma mpaka umepofuka?"

Nikamjibu kitu ambacho mpwa hapaswi kumjibu mjomba wake, nikikumbuka naona aibu. Kwa wiki mbili shikamoo yangu ikawa inaitikiwa kwa kikohozi.

Mimi nasomea takwimu. Katika hizo wiki mbili nikajikuta nasoma makala za utafiti wa mpira badala ya zile za tasnifu yangu (msimamizi wangu kama unasoma hapa, samahani). Nilichokuwa nakitafuta ni kimoja tu: kati yangu na mjomba, nani alikuwa anadanganya? Jibu nililolipata ni kwamba hakuna. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli kuhusu tulichokiona, na hapo ndipo penye tatizo.

Ukisikiliza ubishi wa baada ya mechi, kijiweni kwenye kahawa au kwenye daladala, utakuta kuna maswali matatu yanayorudi kila wiki: refa alikosea? Kocha alichemka? Fulani ameisha kiwango? Kila swali lina mtego wake, na watafiti wameshaichunguza mitego hiyo. Twende nayo moja moja.

Jicho lina timu

Tuanzie mbali kidogo. Novemba 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilikutana kwenye mpira wao ule wa Kimarekani, wa kushika kwa mikono. Ilikuwa mechi ya vurugu. Nyota wa Princeton alivunjika pua, mchezaji mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Baada ya hapo magazeti ya vyuo hivyo yakawa yanarushiana maneno wiki baada ya wiki, kila upande ukisema wenzao ndio waliocheza rafu.

Wanasaikolojia wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, mmoja wa chuo hiki na mwingine wa kile, wakafanya jambo la akili sana. Walichukua filamu ya mechi ile wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili, filamu ileile, wakawaambia waandike kila kosa wanaloliona. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wamefanya makosa 9.8 kwa wastani. Wanafunzi wa Dartmouth, kwenye filamu hiyohiyo, waliona makosa 4.3 ya timu yao. Zaidi ya mara mbili!

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1954 na mpaka leo wanasaikolojia wanaurejea. Hitimisho lao halikuwa kwamba mashabiki ni waongo. Walisema hakuna "mechi" moja iliyo nje pale ambayo kila mtu anaitazama halafu wengine wanaipindisha. Ubongo hupokea vitu vingi mno kwa wakati mmoja, kwa hiyo huchagua kipi kiingie na kipi kipite. Mapenzi ya timu ni sehemu ya chujio. Kiwiko cha beki wetu hakiingii kabisa, wala hatuna haja ya kukificha.

Kwa hiyo siku ukimwambia shabiki mwenzako "unajifanya hujaona", kuna uwezekano mkubwa unamsingizia. Kweli hajaona.

Hesabu ya sentimita 11

Sasa turudi Pretoria. Tuache mapenzi, tubaki na mpira, chaki na kamera.

Sheria inasema ni goli pale mpira wote unapokuwa umevuka mstari wote, iwe chini au hewani. Mpira wa kawaida una mzingo wa sentimita 68 mpaka 70, yaani kipenyo cha kama sentimita 22. Mstari wa goli hauzidi sentimita 12 kwa upana.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mpira ni duara, kwa hiyo unagusa ardhi kwa kijisehemu kidogo cha chini tu, huku tumbo lake limetokeza sentimita 11 kila upande. Ukidunda sentimita 5 ndani ya mstari, pale chini utaona nyasi kati ya chaki na mahali ulipogusa, utaapa kwamba ni goli. Lakini tumbo la mpira bado linaning'inia juu ya chaki. Si goli. Ili liwe goli, mahali unapogusa pawe zaidi ya sentimita 11 kutoka kwenye ukingo wa ndani wa mstari.

Jaribu nyumbani. Chora mstari wa chaki sakafuni, weka mpira ukigusa sakafu kidogo tu nyuma ya mstari. Simama utazame kutoka juu kabisa: utaona mpira umefunika sehemu ya chaki. Sasa nenda hatua tatu upande wa "uwanjani", chuchumaa, tazama tena. Kisha zunguka uende nyuma, kwa wapiga picha. Umeona majibu yanavyobadilika na mpira haujaguswa?

Kamera nazo ziko hivyohivyo. Kamera kubwa ya matangazo huwa juu, usawa wa katikati ya uwanja, kwa hiyo inaliangalia goli kwa mshazari kutokea upande wa uwanjani. Mpira ukiwa hewani, kamera hiyo huuonyesha kana kwamba umezama ndani kuliko ulivyo. Kamera ya nyuma ya goli hufanya kinyume, huuvuta mpira uonekane uko uwanjani. Kwa hiyo watu wawili wakirushiana picha mbili kwenye WhatsApp, kila mmoja akisema "ushahidi huu hapa", kila mmoja anaweza kuwa ameshika picha halali inayosema uongo.

Halafu kuna kasi. Chukulia kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde, na mpira unaoshuka kutoka kwenye mtambaa panya kwa mita 20 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata mpira unasafiri sentimita 40, karibu upana wa mipira miwili. Picha ya kwanza mpira bado uko hewani, ya pili umeshadunda unapanda. Ule mdundo wenyewe, ambao ndio tunagombania, hakuna picha yake. Ukisimamisha video na kusogeza kidogokidogo unapata picha zilezile tu kwa ukaribu zaidi. Kilichokosekana hakirudi.

Ndiyo maana ikabuniwa teknolojia ya mstari wa goli. Kilichosukuma jambo hilo zaidi ni shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani, Juni 27, 2010, pale Bloemfontein, Kombe la Dunia la Afrika Kusini. England walikuwa nyuma 2-1, mpira ukagonga mwamba ukadunda ndani waziwazi, mwamuzi akakataa, wakaishia kufungwa 4-1. Mwaka 2012 bodi inayotunga sheria za soka iliruhusu teknolojia hiyo, na Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil likaitumia: kamera saba za kasi kwa kila goli, kompyuta inakokotoa mpira uko wapi, na saa ya mwamuzi inapata ujumbe ndani ya sekunde moja.

Pale Loftus VAR ilikuwepo. Mfumo wa mstari wa goli haukuwepo, na hivyo ni vitu viwili tofauti. VAR ni binadamu anayetazama kamera za matangazo, zenye mshazari uleule na mapengo yaleyale niliyoyaeleza. Kwenye faulo anasaidia sana. Kwenye sentimita kumi na moja za mpira unaokimbia, anaweza kuwa na shida ileile waliyokuwa nayo watu wa kibandani.

Kibendera na kelele

Mshika kibendera naye tumtetee kidogo. Kuotea kunapimwa wakati mpira unapopigwa, siyo unapofika. Mshambuliaji anakimbia kwenda mbele, beki anapanda kumtegea. Tuseme kila mmoja ana kasi ya mita 7 kwa sekunde. Wanapishana kwa mita 14 kwa sekunde. Kama macho ya mwamuzi msaidizi yamechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kutoka kwa mpigaji pasi hadi kwenye mstari wa mabeki, tayari kuna kosa la mita 1.4. Hiyo ni hatua nzima ya mtu mzima, na kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko huo.

Zaidi ya hapo, ubongo una tabia ya kukisogeza mbele kitu kinachokimbia, kana kwamba unakisia kitakuwa wapi. Kwa hiyo mshambuliaji mwenye kasi anaonekana ameshatangulia kuliko alivyo. Na mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walionyesha katika jarida la Nature kwamba makosa mengi ya kuotea yanaelezeka kwa pembe tu: msaidizi akiwa hajalingana sawasawa na beki wa mwisho, lazima aone vibaya hata kama macho yake ni ya mwewe.

Sasa kelele. Hapa mashabiki mna lenu. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo nalipenda sana. Waliwaita waamuzi 40 wenye sifa, wakawaonyesha video ya matukio 47 ya wachezaji kukabana. Baadhi ya waamuzi waliyatazama na kelele za uwanjani, wengine bila sauti. Waliosikia kelele waliipa timu ya nyumbani faulo pungufu kwa takriban asilimia 15. Faulo dhidi ya wageni hazikuongezeka. Yaani kelele haikuwafanya wawaonee wageni, iliwafanya wasite kuwaadhibu wenyeji.

Halafu ikaja korona mwaka 2020, viwanja vya Ulaya vikawa vitupu. Kwa watafiti ilikuwa kama wamejengewa maabara. Tafiti kadhaa zilikuta jambo moja: bila mashabiki, timu za ugenini zilipewa kadi za njano chache kuliko zamani.

Hata marudio ya polepole, ambayo tunayaona kama hakimu wa mwisho, yana mtego wake. Watafiti wa Marekani mwaka 2016 walionyesha watu video zilezile kwa kasi ya kawaida na kwa mwendo wa polepole. Waliotazama polepole waliona kitendo kimefanywa kwa makusudi zaidi, kwa sababu kwenye video hiyo mtendaji anaonekana kama alikuwa na muda wa kufikiri. Beki aliyechelewa kwa kijisehemu cha sekunde anageuka muuaji aliyepanga njama. Marudio ya polepole ni mazuri kukuonyesha wapi buti liligusa. Nia ya mtu usiitafute humo.

Simaanishi waamuzi wote ni malaika. Rushwa ipo duniani na uzembe upo. Ila kosa moja haliwezi kukuambia kama refa ni mla rushwa au ni binadamu, kwa sababu makosa ya aina zote mbili yanafanana sura. Kinachotofautisha ni mwenendo: mechi nyingi, makosa yanayoegemea upande uleule, kuzidi kiwango cha wenzake. Nimewahi kuona mwamuzi wa mechi ya mchangani akikimbizwa kwa mawe hadi barabarani kwa sababu ya kibendera kimoja. Alikuwa kijana wa rika langu, kiatu kimoja kimebaki uwanjani.

Sabu ileile, mshahara tofauti

Tuje kwa kocha. Agosti 11, 2021, Belfast, Chelsea na Villarreal wanacheza UEFA Super Cup. Dakika ya 119 Thomas Tuchel anamtoa kipa wake Edouard Mendy, anamwingiza Kepa Arrizabalaga kwa ajili ya penalti. Kepa anapangua mbili, Chelsea wanashinda 6-5. Kwenye vibanda vyetu: "Kocha ana akili nyingi huyu!"

Februari 27, 2022, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Liverpool. 0-0, muda wa nyongeza unakwisha, Tuchel anamtoa Mendy, anamwingiza Kepa. Liverpool wanapiga penalti 11, zote zinaingia. Inafika zamu ya Kepa mwenyewe kupiga, anapaisha juu. 11-10. Vibanda vilevile: "Kocha gani anamtoa kipa wake namba moja kwenye fainali? Chizi!"

Kocha ni yuleyule, kipa yuleyule, sababu ileile. Kilichobadilika ni matokeo tu, na matokeo ni kitu ambacho Tuchel hakuwa nacho mkononi wakati anaamua.

Mtego huu tuuite upendeleo wa matokeo. Mwaka 1988 Jonathan Baron na John Hershey waliwapa watu simulizi za maamuzi, mojawapo ya daktari anayeamua kumfanyia mgonjwa upasuaji wenye hatari. Maelezo yote yalikuwa sawa, mwisho tu ulikuwa tofauti: kwa wengine mgonjwa alipona, kwa wengine alifariki. Walioambiwa alipona walimsifu daktari kwa uamuzi wake. Walioambiwa alifariki walimlaumu. Uamuzi ulikuwa mmoja, na taarifa alizokuwa nazo daktari zilikuwa zilezile.

Maishani tunalijua hili vizuri. Mtu akivuka Morogoro Road amefumba macho akafika ng'ambo salama, hakuna anayesema aliamua vyema. Lakini kocha akiingiza beki wa sita dakika ya 80 timu ikashinda, tunasema "kasoma mchezo". Ikisawazishwa, "katurudisha nyuma, muoga". Swali la haki ni hili: kwa alichokijua dakika ile, ingekuwa mechi 100 za namna ile, uamuzi huo ungemlipa mara nyingi au mara chache?

Mshambuliaji aliyekaukiwa

Hapa ndipo takwimu inaponoga. Tufanye mshambuliaji wenu ni mzuri wa kawaida: kila shuti analopiga lina nafasi 1 kati ya 10 ya kuwa goli, na anapiga mashuti matatu kwa mechi. Mechi tano zimepita, mashuti 15, hana hata goli moja. Kijiwe kimeshamzika. "Ameridhika. Anawaza starehe tu."

Tupige hesabu. Uwezekano wa kukosa shuti moja ni 0.9. Kukosa yote 15 ni 0.9 mara 0.9 mara 0.9, mpaka mara kumi na tano. Jibu ni kama 0.21. Yaani mshambuliaji ambaye hajashuka hata chembe atapitia mechi tano kavu karibu mara moja katika kila tano. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kama kila moja ina mshambuliaji wa aina hiyo, chukua mechi tano zozote: washambuliaji kama watatu watakuwa hawana goli, kwa bahati tu. Na kila mmoja atakuwa na hadithi yake mtaani: huyu mganga, yule mwanamke, yule mkataba.

Baada ya ukame, mara nyingi magoli yanarudi. Siyo kwa sababu alikemewa kwenye redio. Ni kwamba kiwango chake halisi hakikuondoka, na kipindi kibaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na cha wastani. Wataalamu tunaita kurejea kwenye wastani. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2002, aliligundua hili akiwa na wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israel. Wakufunzi walimwambia: tukimsifu rubani kwa zoezi zuri, linalofuata anaharibu, tukimfokea kwa zoezi baya, linalofuata anajirekebisha, kwa hiyo kufoka kunafanya kazi. Kahneman akaona kwamba ingekuwa hivyohivyo hata wakufunzi wangekaa kimya. Zoezi zuri mno na zoezi baya mno yote yana bahati ndani yake, na bahati haiji mara mbili kwa kuagizwa.

Ukielewa hapo, utaielewa na ile desturi ya kufukuza makocha. Timu inafungwa mfululizo, kocha anafukuzwa, mpya anakuja, timu inashinda, tunasema "dawa imeingia". Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichambua ligi ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizofukuza makocha na timu zilizoporomoka vilevile lakini zikabaki na makocha wao. Zilizofukuza zilipanda. Zisizofukuza nazo zilipanda. Kufukuza hakukuongeza kitu cha maana.

Je, hakuna mchezaji anayeshuka kweli? Wapo, tena wengi. Ila magoli ya mechi tano ni kipimo dhaifu. Uliza mashuti. Kama bado anafika kwenye nafasi, anapiga mashuti yake matatu, mpe muda. Kama mashuti yenyewe hayapo tena, hapo una hoja. Ndiyo kazi ya hesabu ya magoli tarajiwa mnayoiona siku hizi kwenye runinga imeandikwa xG: kila nafasi inapewa uzito kulingana na nafasi kama hizo zilivyowahi kufungwa. Penalti, kwa mfano, huingia kama tatu katika kila nne. Shuti la mbali lenye mabeki wanne mbele uzito wake ni mdogo sana. Jumlisha uzito huo, utaona mshambuliaji alistahili magoli mangapi hata kama wavu haukutikisika.

Sasa tubishane vipi?

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa mjomba na chaki mfukoni na mpira wa mtoto wake. Nikamwamkia, akakohoa. Nikachora mstari barazani, nikaweka mpira, nikamwomba autazame kwanza akiwa amesimama juu yake, kisha akiwa ameketi pale kwenye kiti chake. Alitazama muda mrefu. Akasogeza kiti. Akatazama tena.

"Kwa hiyo unasema halikuwa goli."

"Nasema, mjomba, kwa picha zile siwezi kuapa kwamba halikuwa goli. Na usiku ule niliapa. Hapo nilikukosea."

Akanyamaza, kisha akaita chai iletwe. Kwa mjomba, hiyo ndiyo marahaba.

Tukapeana masharti, na nakushirikisha na wewe. La kwanza, kwenye tukio la utata kila mtu atamke alichokiona kabla ya marudio, halafu ajiulize: angekuwa mchezaji wa timu pinzani, ningesema hivihivi? La pili, uamuzi wa kocha tunauhukumu palepale anapoufanya. Ukikaa kimya sabu inapoingia, huna haki ya kulia dakika ya 90. Tuna daftari kabisa, tunaandika: "Dakika ya 63, mjomba anapinga." La tatu, mchezaji hazikwi kabla ya mechi kumi, na mashuti yahesabiwe.

Mjomba aliyasoma masharti yote matatu, akayakubali, kisha akauliza swali ambalo kwenye makala zote nilizosoma sijakutana nalo: "Sasa mpwa wangu, tukibishana hivi, raha iko wapi?"

Nikamwambia raha ipo, tumepunguza uadui tu. Hakuridhika sana. Mechi iliyofuata ya watani, goli la kwanza tu, daftari lilirushwa hadi chini ya benchi. Lakini mpira ulipokwisha niliona ameinama, analitafuta.